Kifo cha Mzee Mjaka kwa Kiingereza

Bi Khairiya alinunua bajia zake, akazipokea katika gazeti, lakini hakuondoka. Alibaki amesimama mbele ya meza ya Mwatima, nje ya ukuta wa skuli, kama mtu aliyesahau chenji.

"Pole sana, mwenzangu," alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya marehemu."

Mwatima alimtazama kwa mshangao. Mumewe, Mzee Mjaka, alikuwa amezikwa mwaka juzi, na Khairiya mwenyewe alikuja siku zote za matanga. "Pole si ulinipa, Khairiya?"

"Nilikupa ya kifo cha Mungu. Sikujua kama kauliwa."

Kijiko cha kutolea bajia kilisimama hewani. Khairiya akainama, akashusha sauti, ingawa wanafunzi wote walikuwa madarasani. Mumewe ndiye aliyeiona habari hiyo kwenye simu. Suhail, mtoto wa Mwatima, kaandika kwa Kiingereza huko wanakozungumza watu wa kompyuta, na watu wameifasiri, sasa imo katika simu za Wete nzima. Kaeleza kwamba baba yake alipelekwa zahanati, nesi akafungua tableti, umeme ukakatika, faili la mgonjwa likapotea, nesi akampa dawa isiyokuwa yake. Mzee akafa.

"Jina hakulitaja," alisema Khairiya, "lakini picha ya marehemu imo, na mtaa wetu wa Jadida kautaja. Na zahanati ile nesi ni mmoja. Mie mjukuu wangu nishamtoa kwa Rahila, simpeleki tena. Lakini wewe, mwanamke una moyo! Kila jioni wakaa naye barazani, wacheka naye, kumbe wajua kama ndiye aliyekuulia mume!"

Bajia zilizokuwa kwenye mafuta zikaungua. Mwatima hakuziona mpaka Khairiya alipomwonesha kwa kidole.

*

Khairat, binti mkubwa wa Mwatima, alikuwa akisomesha Kiingereza sekondari. Alaasiri alipoingia nyumbani alimkuta mama yake amekaa kwenye mkeka, meza ya bajia imesimamishwa ukutani na vyombo bado vichafu. Hilo halikuwa la kawaida.

"Ile habari aliyoiandika ndugu yako unaweza kuipata katika simu yako?"

Khairat alivua mtandio polepole. "Habari gani, mama?"

"Ya baba yako. Itafute unisomee kwa Kiswahili."

Aliitafuta, ikapatikana haraka. Akaanza kusoma, jicho liko kwenye Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili. Mwanzo ulimhusu Suhail mwenyewe, kijana wa kisiwa kidogo ambako umeme hukatika bila ya taarifa. Halafu yakaja ya baba, fundi seremala aliyemfundisha mwanawe kwamba kasha zuri ni lile lisilopoteza kilichowekwa ndani. Halafu zahanati, tableti, kiza, dawa. "Baba yangu alikata roho mikononi mwangu," alisoma Khairat. "Siku ile niliapa kwamba hakuna familia nyengine itakayopoteza mtu wake kwa sababu mashine imepoteza kumbukumbu. Ndipo nikatengeneza Kasha."

Mwatima alikuwa akilijua Kasha. Suhail, ambaye alisoma mambo ya kompyuta Unguja kisha akarudi na kukosa kazi, alikuwa akilitengeneza chumbani mwake kwa muda mrefu. Alimweleza mama yake kwamba ni mahali pa kuwekea kumbukumbu ndani ya programu yenyewe, kwenye simu hiyo hiyo, bila ya kutegemea mtandao wala mashine kubwa iliyoko mbali. Umeme ukizimika katikati ya kazi, kilichoandikwa hakipotei. Mwatima aliliombea dua Kasha hilo. Hakujua kama na mumewe kaingizwa humo.

"Mikononi mwake?" aliuliza. "Suhail alifika kutoka Unguja watu washatoka makaburini. Na zahanati ya Rahila ina tableti tokea lini? Si daftari na kalamu?"

Mwatima alimtazama binti yake kwa muda. Alikuwa akimjua tangu mdogo anavyosoma kitu kigeni, jinsi anavyokwama, anavyorudi nyuma, anavyojikuna shingo kutafuta neno. Safari hii hakukwama hata mahali pamoja.

"Wewe ulishaisoma kabla ya leo."

"Mama..."

"Ulishaisoma."

"Alinipa nimrekebishie Kiingereza," alisema Khairat. Machozi yalikuwa tayari yanamtoka. "Nilimwambia si kweli. Akanambia ni ya kusomwa na Wazungu tu, na watu wa kompyuta, hawatujui wala hatuwajui. Nikaona yule atakayeumia yuko wapi? Nilidhani haifiki hapa."

"Kwa hivyo ulimnyooshea."

Khairat alifunika uso kwa mtandio. Mwatima alikusanya vyombo vyake, akaenda uani kuvisugua kwa jivu, akasugua hata vile vilivyokuwa safi.

*

Suhail alirudi baada ya magharibi, amebeba tikiti maji kubwa, kwa furaha. Alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumsikia akimjibu mama yake vibaya. Alipoona nyuso za watu alilitua tikiti chini.

"Yale uliyoyaandika yamefika sokoni," alisema Mwatima.

Suhail akakaa. Hakukana. Alisema alikuwa anataka kumweleza, ila alisubiri mambo yakae sawa kwanza.

"Mama, nililitangaza vile lilivyo. Niliandika kasi yake, udogo wake, majaribio yote niliyolifanyia. Nilikwenda kila jukwaa wanakokutana waandishi wa programu. Mahali pengine walinicheka, wakasema vitu kama hivyo vimejaa, cha kwako cha nini. Pengine wasimamizi walinifuta, wakanambia natembeza biashara. Pengine hakunijibu mtu hata mmoja. Wajua uchungu wa kutojibiwa? Halafu nikasoma ya wenzangu waliofanikiwa. Kila mmoja ana kisa. Watu hawataki kasi, wanataka kisa."

"Ukawauzia baba yako."

"Sikumtaja Bi Rahila."

"Ungemtaja lingekuwa jambo la wawili, angekushitaki. Sasa kila mtu amtaja kwa niaba yako."

Suhail alitazama mikono yake. Akasema kwamba Kasha sasa linatumika nchi ambazo yeye hata hajui kuzitamka. Kuna kampuni ya nje imeanza kumfadhili, na inataka kumwajiri kabisa, akae hapa hapa Wete afanye kazi hiyo. "Lile friji, mama. Lilitoka kwao."

Friji lilikuwa pembeni pa mlango wa jikoni, jeupe, bado na karatasi ya nailoni mlangoni kwa sababu Mwatima aliogopa lisije likachafuka. Aliamka, akalifungua, akatoa juisi zake za ukwaju, samaki wake, na kibakuli cha nazi iliyokunwa. Akaviweka sakafuni. Kisha akachomoa waya ukutani.

"Mama, vitaharibika."

"Viharibike."

"Kasha ni zuri," alisema Suhail. "Wallahi ni zuri. Hilo si uongo."

"Basi ungesema ni zuri."

"Nilisema! Hakunisikiliza mtu!"

*

Asubuhi yake Mwatima alikwenda kwa Rahila, nyumba ya nne kutoka kwake. Kwa miaka yote mlango ule aliusukuma tu, hodi akaipiga akishafika uani. Siku hiyo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Rahila aliufungua, akamsalimia vizuri, akamtandikia busati barazani, nje. Akamletea chai katika vikombe vya wageni.

"Karibu, Bi Mwatima."

Walikuwa wakiitana shoga. Mwatima alikishika kikombe, hakuweza kunywa.

"Rahila, mie sikujua. Naapa kwa Mungu."

"Nakusadiki."

"Watoto wangu wamenizunguka."

"Nakusadiki," alirudia Rahila. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kusema kidogo, na hata sasa hakupandisha sauti. Alisema mwenye zahanati alimwita juzi. Hakumfukuza, alimwambia apumzike mpaka watu wasahau. Lakini kesho yake kaletwa msichana mwengine, na yeye kaambiwa arudishe ufunguo. "Alinipokea ufunguo mbele ya wagonjwa. Kuna mama mmoja alikuwa na mtoto, akamkumbatia mtoto wake nilipopita."

Mwatima akaanza kulia. Rahila akamwacha alie.

"Wewe wajua mumeo alikufa kwa nini," alisema baadaye. "Wajua na mie najua, na Mungu anajua. Watatu tu. Mie kazi yangu hainiruhusu kutoa siri ya mgonjwa, hata akishakufa. Siitoi. Lakini wewe si nesi."

"Nilimuahidi, Rahila. Alinishika mkono akanambia, hata watoto wasijue."

"Basi," alisema Rahila, akasimama, akachukua kikombe kilichojaa. "Chai imepoa."

*

Kule kwenye majukwaa nako mambo hayakuwa shwari. Kulikuwa na watu walioanza kuuliza. Zahanati gani hiyo? Tableti ya aina gani? Mbona kisa kimekuja kizuri hivyo? Mama mmoja wa ile kampuni ya nje, ambaye alimpenda Suhail kwa dhati, alishauri dawa nzuri: kikao cha mtandaoni, watu wote waalikwe, Suhail alieleze Kasha, na mama yake ajitokeze aseme maneno machache. Hapo wenye shaka watanyamaza.

Suhail alikaa na ombi hilo moyoni kama mtu mwenye mwiba, mwishowe akalitoa. Alitarajia kukataliwa.

"Watakuwapo wale uliowaambia?" aliuliza Mwatima.

"Watakuwapo."

"Basi n'tasema."

Suhail alimbusu mkono. Alidhani mama yake amemwonea huruma.

Kikao kilikuwa baada ya sala ya alaasiri. Suhail aliweka kompyuta juu ya meza, akakivalisha kiti shuka jipya, akataka mama yake ashike picha ya baba. Mwatima alikataa picha. Alikuwa amevaa buibui lake la kwendea mazikoni. Khairat alikaa chini kwenye mkeka, mahali asipoonekana. Alikuwa amejitolea kufasiri, lakini Suhail alisema atafasiri mwenyewe.

Nyuso zilijaa kwenye kioo, ndogo ndogo, kila moja katika kidirisha chake. Suhail alizungumza kwa muda mrefu, na ilikuwa raha kumwona. Aliposema habari za Kasha lenyewe alisahau kuogopa. Akaonesha anavyolikatia umeme makusudi, kisha analiwasha, na kila kitu kimo. Watu walipiga makofi. Halafu akageuza kompyuta.

"Asalam alaykum," alisema Mwatima. "Mimi ni mke wa Mjaka, ndiye huyo mliyeambiwa. Mume wangu hakufa kwa sababu ya mashine. Zahanati haikuwa na mashine. Nesi hakumpa dawa mbaya. Nesi alikuja nyumbani kwangu asubuhi na jioni kumfunga donda, na hakutaka malipo. Mwanangu hakuwapo. Naomba muyafute hayo mliyoyaandika juu ya mwanamke huyo, kwa sababu yuko hai na ana njaa."

Alinyamaza asubiri tafsiri. Suhail alikuwa amekauka. Kisha akatabasamu, akasema Kiingereza, maneno machache mno kuliko yale aliyoyasema mama yake. Mwatima hakujua Kiingereza, lakini neno la kushukuru alilijua. Watalii walilisema kila waliponunua bajia. Akalisikia mara mbili. Kwenye kioo wanawake wawili walikuwa wanafuta machozi na kumtikisia kichwa kwa upendo.

Aligeuka kwenye mkeka. "Khairat. Kasema nilivosema?"

Khairat alitazama chini.

"Khairat!"

Alitazama chini.

Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka ndani ya kompyuta, kwa Kiswahili. "Shikamoo mama. Mimi naitwa Jaribu, niko Tanga, naandika programu. Mimi nimekusikia. Ukiniruhusu, nitawaambia."

"Mama, subiri," alisema Suhail.

"Marahaba baba," alisema Mwatima. "Waambie."

Jaribu aliwaambia. Aliyasema yote, na alipofika mwisho alirudi kumwuliza Mwatima kama kaacha kitu. Wale wanawake wawili waliacha kufuta machozi. Mmoja alizima kamera yake, halafu mwengine, vidirisha vikawa vyeusi kimoja kimoja mpaka Suhail akafunga kompyuta kwa kiganja.

"Umeniuza, mama," alisema.

Mwatima alikuwa akifungua pini za buibui na vidole vyake havikuzipata.

*

Kisa kilifutwa, na mahali pake watu wakaandika visa vyao juu ya Suhail. Walimwita mwongo, na wengine walisema maneno juu ya Waafrika wote ambayo Khairat alimwomba asiyasome. Kampuni iliandika barua fupi ya adabu. Waliokuwa wakitumia Kasha wakaanza kuliacha, ingawa halikuwahi kumpotezea mtu hata herufi moja. Mtu anayedanganya juu ya baba yake, waliuliza, atashindwa kudanganya juu ya majaribio yake?

Suhail alifungiwa chumbani na aibu yake kwa siku kadhaa. Halafu akaandika radhi, ndefu, ya kweli kabisa, akaisambaza kila jukwaa lililombakisha. Khairat akamwambia radhi ya kwanza ni ya Rahila. Wakaenda pamoja, kaka na dada, wakamkuta anafunga mizigo. Alikuwa anahamia Shumba kwa kaka yake.

Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Suhail alimwonesha simu, ile radhi aliyoiandika.

"Hii ni lugha gani?" aliuliza Rahila, ingawa aliona.

"Kiingereza, Bi Rahila."

"Uliponisingizia kwa Kiingereza ilifika mpaka sokoni, kwa sababu uongo una wachukuzi wengi. Hii nani ataichukua?" Akamrudishia simu. "Nimekusamehe, mwanangu, dini yataka. Sasa niacheni nifunge vyombo."

Ilikuwa kweli. Katika Wete hakuna aliyeifasiri radhi. Bi Khairiya alipoambiwa na Mwatima kwamba yote yale yalikuwa uongo, alimshika bega akasema, "Najua, mwenzangu, wataka kumsitiri jirani. Mungu atakulipa." Na wengine walisema nesi kamlipa Suhail anyamaze.

*

Khitma ya Mzee Mjaka ilikuwa ikisomwa kila mwaka nyumbani kwake. Wanaume walikaa barazani na ukumbini, wanawake uani na chumba cha ndani, na kati yao lilikuwa pazia tu. Mwatima alipika pilau mwenyewe. Alikuwa hajalala vizuri, na Khairat alimwona akisimama mbele ya sufuria kama anazungumza na mtu.

Walipomaliza kusoma, kabla ya chakula, Mwatima alisimama mlangoni, pale ambapo sauti ingefika pande zote mbili.

"Jamaa zangu, nina neno. Marehemu aliniachia siri, na leo naivunja, naye ndiye atakayenidai mbele ya Mungu. Mjaka alikuwa na sukari. Alipata donda la mguu. Rahila alilifunga, akalifunga, akaona halifai, akatupeleka hospitali. Kule wakasema mguu ukatwe, akikatwa ataishi. Mjaka akakataa. Kasema yeye fundi, hawezi kuonekana anatambaa Jadida, bora azikwe mzima. Rahila alimpigia magoti mume wangu. Nilimwona kwa macho yangu, mwanamke mtu mzima, kapiga magoti kando ya kitanda anamwomba akubali. Hakukubali. Akanitaka niape nisimwambie mtu, hata watoto. Hivyo ndivyo alivyokufa. Aliogopa kuonekana. Na sasa mshamwona nyote."

Upande wa pili wa pazia kikombe kiligonga sahani. Khairat, aliyekuwa amekaa karibu na majagi ya maji, alimtazama mama yake kama hamjui. Baba yake aliyemjua yeye alikuwa mtu asiyeogopa kitu.

Shehe alikohoa, akaomba Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na awafunike waja wake. Watu wakaitikia amina. Chakula kikaliwa kimya. Wakati wa kuondoka wanawake walimpa Mwatima mkono, baadhi wakiukaza, baadhi wakiugusa tu. Khairiya alipita bila ya kumtazama usoni. Wazee wawili wa upande wa Mjaka waliondoka bila ya kuaga. Dada wa marehemu aliacha sahani yake haijaguswa.

Suhail hakuondoka barazani mpaka wanaume wote walipokwisha. Kisha aliingia, akaanza kuokota mabusati na kuyakunja, kazi ambayo hajawahi kuifanya.

"Ungenambia," alisema, mgongo amempa mama yake. "Ningejua hivyo, nisingeandika."

"Ungeandika," alisema Mwatima. "Ungeandika kizuri zaidi."

Suhail aliendelea kukunja.

Aliyebaki mwisho alikuwa wifi yake Rahila, mwanamke wa Shumba aliyekuja na gari ya asubuhi. Mwatima alimpakulia pilau katika sahani ya kaure, akaweka nyama nzuri juu, akaifunika kwa kitambaa, akaifunga. Hakusema ya nani. Wifi naye hakuuliza.

Sahani ilirudi baada ya siku mbili, mkononi mwa wifi huyo huyo aliyekuja sokoni. Ilikuwa imeoshwa, inang'aa, na haikuwa na kitu ndani. Kwa watu wa pale sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hutiwa japo chumvi, japo ndimu moja. Mwatima aliipokea, akaigeuza chini juu.

"Kala?" aliuliza.

"Kala. Kala yote."

"Kasema nini?"

Wifi alisita, kama anayeona haya kuufikisha ujumbe. "Kasema chumvi umezidisha. Na kwamba wewe una presha, wajua."

"Hakusema jengine?"

"Hakusema."

Mgeni alipokwenda zake, Mwatima aliingia jikoni. Ukoko wa pilau ulikuwa bado umo katika sufuria kubwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuusugua. Akabandua kipande kwa ukucha, akaonja. Chumvi ilikuwa imezidi kweli.